Jati si tabaka: kwa anayeanza kusoma jamii ya Kihindu

Neno linalomponza mwanafunzi wa Kiswahili mapema kabisa ni tabaka. Kwetu neno hilo lina kazi yake tangu enzi za siasa ya ujamaa: tabaka la wafanyakazi, tabaka la mabwanyenye. Ukiandika "mfumo wa matabaka wa Kihindu" ukaishia hapo, msomaji ataona matajiri juu na maskini chini. Sivyo. Mbrahmini, mtu wa kundi la makuhani linaloheshimiwa juu ya yote, anaweza kuwa mpishi wa kuajiriwa asiye na hata kipande cha shamba, na mwenye malori ishirini akapeleka posa kwake ikarudishwa. Tumia jati, lieleze mara moja, kisha songa mbele.

Jati ni kundi unalozaliwa ndani yake, unalotarajiwa kuoa au kuolewa ndani yake, na mara nyingi lina kazi ya asili inayotajwa hata kama hakuna tena anayeifanya. Ziko maelfu. Varna ni jambo jingine: ni mafungu manne ya kwenye maandiko, yaani Wabrahmini (makuhani), Wakshatriya (watawala na wapiganaji), Wavaishya (wafanyabiashara) na Washudra (watumishi, fungu la chini), ambayo utenzi mmoja wa Rigveda, andiko la kale la Kihindu, unasema yalitoka kinywani, mikononi, mapajani na miguuni mwa Purusha, mtu wa asili aliyetolewa kafara. Wadaliti, waliokuwa wakiitwa "wasioguswa", hawamo kabisa katika manne hayo.

Ile piramidi ya rangi nne ambayo kila mwanafunzi huibandika kwenye ukurasa wa kwanza, iondoe. Haikuonyeshi nani anamiliki ardhi. Kusini mwa India, wakulima wakubwa kama Wareddy na Wavokkaliga kwa hesabu ya varna walihesabiwa Washudra, na bado ndio walioshika vijiji. M. N. Srinivas, mwanasosholojia wa India aliyefanya utafiti kijiji cha Rampura karibu na Mysore mwaka 1948, aliziita jati za namna hiyo jati tawala: zina watu wengi, zina ardhi, na Mbrahmini mwenyewe huzitegemea. Kwa hiyo ukifika kijijini, au ukisoma habari za kijiji, uliza kwanza shamba ni la nani na anayelilima ni nani. Maandiko yatafuata.

Kinachoushikilia mfumo ni ndoa. Ina mipaka miwili: usitoke nje ya jati, na usioe ndani ya gotra, yaani ukoo wa upande wa baba. Huo wa pili Mluo hahitaji kufundishwa. Huo wa kwanza ndio wenye nguvu. Uchunguzi mkubwa wa kaya wa mwaka 2005, na uliorudiwa 2011–12, ulikuta ndoa za kuvuka jati ni kama 5 tu katika kila 100. Watu huhamia mjini, hupanda basi moja, huketi ofisi moja, lakini posa hurudi kule kule. Ukiwaona vijana wanauawa na ndugu zao kwa kupendana, usiandike "mila za kizamani" ukapita. Jati isiyolinda mipaka ya ndoa huisha baada ya vizazi viwili vitatu, na wazee wanalijua hilo.

Chakula kina kanuni zake, na hapa ndipo wengi huchanganya. Kuna chakula kachcha, kilichopikwa kwa maji: wali, dengu, chapati kavu isiyotiwa mafuta. Na kuna pakka, kilichokaangwa kwa samli: puri na vitamutamu vingi vya sherehe. Kachcha hubeba unajisi kwa urahisi, kwa hiyo desturi ilikuwa kukipokea kutoka kwa mtu wa jati yako au ya juu yako tu. Samli inatoka kwa ng'ombe, nayo hukinga. Pakka hupokewa kutoka kwa watu wengi zaidi. Ndiyo maana karamu yenye wageni mchanganyiko hujaa vya kukaanga, na ndiyo maana yule mpishi Mbrahmini hakosi kazi: mikononi mwake kila mtu anaweza kula. Ukiandika tu kwamba "hawali pamoja", umeikosa kanuni yenyewe. Andika nani alipika, kwa nini, na nani alipokea.

Vivyo hivyo maji na chai. Katika vijiji vya Tamil Nadu, vibanda vya chai vimejulikana kwa bilauri za aina mbili: za wateja wa kawaida hukaa ndani na huoshwa na mwenye kibanda, za Wadaliti huwekwa pembeni, na mnywaji huosha mwenyewe. Siku hizi kikombe cha plastiki cha kutupwa kinaweza kufanya kazi ile ile bila kelele, kwa hiyo mtafiti anayehesabu bilauri tu atasema ubaguzi umekwisha. Hesabu nani kapewa nini.

Sheria isome pamoja na kinachotokea baada yake. Baraza la kutunga sheria la Bombay lilipitisha azimio mwaka 1923 kwamba maji ya umma yawe wazi kwa wote. Tarehe 20 Machi 1927, B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyekuwa Mdaliti mwenyewe, aliwaongoza Wadaliti kunywa maji ya bwawa la Chavdar mjini Mahad. Walipigwa, kisha bwawa likatakaswa kwa mkojo na kinyesi cha ng'ombe. Ruhusa ilikuwepo. Katiba ya 1950, ambayo Ambedkar aliongoza kamati ya kuiandika, ilifuta ubaguzi wa "wasioguswa" katika ibara ya 17, lakini bunge lilihitaji sheria nyingine 1955, na nyingine kali zaidi 1989, kwa sababu shahidi wa kijijini hulima shamba la mshtakiwa.

Kuhusu nafasi za upendeleo, Mtanzania ajihadhari na "viti maalumu". India, kati ya viti 543 vya bunge la chini, 84 vimetengewa Wadaliti na 47 watu wa makabila (jamii za wenyeji wa asili, Adivasi), lakini ni majimbo ya kawaida: wagombea ni wa kundi hilo tu, wapiga kura ni wote. Hakuna chama kinachogawiwa viti. Kwenye kazi na vyuo vya serikali kuu, mgawo ni asilimia 15 kwa Wadaliti, 7.5 kwa makabila na 27 kwa jati nyingine zilizoachwa nyuma. Mwaka 2019 iliongezwa 10 kwa maskini wasiomo katika makundi hayo.

Takwimu zina mtego. Sensa ya 2011 inatoa asilimia 16.6 kwa Wadaliti, na kila mtu huinukuu. Wanaohesabiwa humo ni walio kwenye orodha ya serikali, na orodha hiyo kisheria ni ya Wahindu, Masingasinga (walioongezwa 1956) na Wabuddha (1990). Familia ya Kidaliti iliyoingia Ukristo au Uislamu haimo, ingawa jirani zake hawajasahau ilikotoka. Hesabu ya jati zote kwa nchi nzima ilichapishwa mara ya mwisho kwa sensa ya 1931. Serikali ilitangaza mwaka 2025 kwamba itairudisha. Ukitaka mfano wa hesabu ya jimbo moja, tumia ya Bihar ya 2023.

Majina ya ukoo ni kidokezo tu. Sharma na Iyer huashiria Ubrahmini. Singh na Kumar hazikuambii kitu. Tamil Nadu wengi hutanguliza herufi ya jina la baba badala ya jina la jati, matunda ya vuguvugu la kujiheshimu la miaka ya 1920, lililopinga jati. Na usimuulize mtu jati yake mnapoonana mara ya kwanza. Uliza kijiji cha babu, kazi ya babu, harusi ya mwisho ilifanyika wapi.

Kwa anayetaka kuanzia nyumbani, kazi ipo. Neno letu Banyani, tunalomwitia Mhindu yeyote, lina asili katika jati za wafanyabiashara wa Gujarat. Jairam Shivji, ambaye nyumba yake ya biashara ilishika forodha ya Zanzibar katika karne ya 19, alikuwa Mbhatia, mtu wa jati ya wafanyabiashara, wa Kutch huko Gujarat. Mafundi Kalasinga waliokuja na reli wengi wao ni Waramgarhia, jati ya maseremala na wahunzi, ingawa dini yao inapinga jati. Soma majina kwenye kumbi za Nairobi: Lohana, Oshwal, Cutchi Leva Patel. Waoshwal ni Wajaini, si Wahindu kwa dini. Kanuni za kachcha na pakka zimelegea sana huku, na mpangilio wa kazi za kurithi kijijini haukuvuka bahari kabisa. Ndoa ilivuka. Anza na kadi za harusi.