Wasifu haukutaja mkeka

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii kama wasifu wa marehemu uendelee kusomwa kanisani, au uachwe kwa kuwa unachelewesha maziko. La kuchelewesha silijibu. Mtu ameishi miaka sabini na minne, halafu dakika kumi za kumuaga tunazihesabu? Langu ni jingine: wasifu hautuambii marehemu alikuwa nani, kwa hiyo bora uachwe. Nasema hivyo kwa uchungu, maana wa mwisho kusomwa mbele yangu niliuandika mimi mwenyewe, usiku wa kuamkia maziko ya shangazi yangu, hapahapa Bagamoyo.

Niliandika kama wanavyoandika wote. Alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa, akajaliwa watoto watano, akawa mwenyekiti wa jumuiya na mwanachama hodari wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akaugua, akalala katika Bwana. Watu wakaitikia Amina. Mimi nikainamisha kichwa, kwa sababu mkeka sikuutaja.

Ilikuwa mwaka 1991. Mwaka ule Ramadhani iliingia ndani ya Kwaresima, mtaa mzima ukawa na funga, wao yao na sisi yetu. Shangazi alikuwa ameahidi mkeka mpya wa Alhamisi Kuu, wa kutandikwa mbele ya altare padri anapowaosha miguu wale wazee kumi na wawili. Hakutaka mkeka wa kununua. Alitaka uwe na neno PENDANENI katikati, kwa ukindu mwekundu.

Kila alasiri alikaa barazani na shoga yake, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mwislamu, fundi wa ukili, ule mkanda wa kusuka unaoshonwa kuwa mkeka, asiye na mfano mtaani. Mimi na binamu zangu tulichana ukindu na kuchochea moto chini ya sufuria la rangi. Shangazi hakunywa hata maji mbele ya mwenzake mpaka magharibi. Adhana ikilia, wanaweka kazi chini, sinia la muhogo wa nazi linatoka nyumba hii au ile, wanafuturu pamoja. Siwezi kusahau harufu ile ya rangi ya moto ikichanganyika na nazi.

Ukili wa maandishi alipewa shoga, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi zaidi. Msahafu anausoma vizuri, ila herufi za shule hakufundishwa. Shangazi alimwandikia neno sakafuni kwa mkaa, naye akawa anatazama na kusuka. P ikakaa sawa, E sawa, D sawa. N zote tatu zikaelekea kinyume.

Kili zilipokwisha kushonwa, katekista alikuja kuuona. Akasema neno la Bwana haliwezi kuwekwa altareni limepinduka, ufumuliwe. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Shangazi alikuwa mtu mpole, sikuwahi kumsikia akimpandishia mtu sauti, na siku ile hakuipandisha. Alisema tu: "Katekista, huyu amesuka na njaa yake. Sifumui." Akaukunja mkeka, akauingiza ndani.

Alhamisi ukatandikwa. Padri akapiga magoti, akaanza kumimina maji, na kufika mzee wa tano au wa sita mkeka ukawa umelowa. Rangi haikuwa imechemka vya kutosha (hilo kosa letu sisi watoto, tuliuacha moto ufifie tukaenda kucheza). Padri aliposimama, kanzu yake nyeupe ilikuwa na mabaka mawili mekundu magotini. Kwaya ikayumba. Shangazi, aliyekuwa sauti ya kwanza, hakuyumba; aliushika wimbo mpaka wenzake wakarudi. Kesho yake aliiomba ile kanzu, akaifua kwa ndimu, akaianika juani. Mabaka yalififia, hayakutoka. Padri aliendelea kuivaa hivyohivyo.

Usiku ule wa Alhamisi, tuliporudi nyumbani, shoga yake alikuwa ndio ametoka kuswali tarawehe. Alimwuliza jambo moja tu: "Ulitosha?" Shangazi akamjibu, "Ulitosha, shoga."

Sasa tafuteni mahali pa kuliweka hilo kati ya kipaimara na ndoa. Pale Misheni ya Wakatoliki kila mgeni huonyeshwa mnara ambamo mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi kutoka Uingereza, ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Alipita akiwa maiti, na mnara unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Hata Chuma na Susi, watumishi wake Waafrika walioongoza msafara wa kumbeba kutoka bara, mara nyingi wanatajwa mwishoni kwa haraka. Shangazi alilitandikia kanisa la Misheni hiyohiyo mikeka zaidi ya miaka thelathini.

Nilikusudia kuishia hapo na kusema wasifu uachwe. Lakini nikiandika nimekumbuka siku ya kuondoa matanga, na sasa sina uhakika na msimamo wangu. Shoga yake alikuja, ameinama kwa miaka, ameshika nakala ya ile karatasi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema, "Mwanangu, nisomee." Nikamsomea yote. Akanyamaza kidogo. "Mbona mkeka hukuutia?"

Kama pasingekuwa na karatasi, asingekuwa na cha kuniuliza. Kwa hiyo wasifu usomwe, ila familia isiuandike peke yake usiku mmoja. Waulizwe majirani, waulizwe waliofanya kazi na marehemu, hata kama si wa dini yake. Kwa misiba yenye ugomvi wa mirathi ndani yake huenda hilo likaleta maneno, hapo wenye hekima waamue.

Nilichukua kalamu, nikaandika pembeni ya karatasi: Alisuka mikeka ya altare, pamoja na shoga yake. Akaniambia nimwonyeshe N iko wapi. Nikamwonyesha. Akaipitishia kidole taratibu, juu, chini, juu. Halafu akachora nyingine kwa kidole juu ya goti lake, inayoelekea kule kwingine.

"Yangu mimi," akasema, "ilikuwa hivi."

Msomaji, Bagamoyo