Ukijiunga na kundi la familia la muziki wa Kikurdi na Kiajemi, anza na santur

Kabla hujauliza wimbo gani unafuata, uliza santur, ile ala ya nyuzi nyingi inayogongwa kwa vijiti viwili, imepatanishwa kwa dastgah ipi, yaani mfumo gani wa noti wa Kiajemi. Kwenye makundi ya aina ya Kamkar wa Sanandaj, mji wa Wakurdi huko Iran, yaani ndugu saba wa kiume na dada yao, nyimbo za Kikurdi na muziki wa kale wa Kiajemi hupigwa jukwaa moja, na santur ndiyo yenye kauli kubwa katika mpangilio.

Sababu ni nyuzi. Santur ya kawaida ina nyuzi 72 juu ya vidaraja 18, nyuzi nne kwa kila kimoja. Kidaraja huitwa kharak, maana yake punda mdogo, na kweli kinabeba mzigo. Aliyezoea kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, atatafuta vile vitasa vya kubadili sauti katikati ya wimbo, hapa havipo. Kutoka dastgah ya Shur inayoanzia Sol kwenda ile ya Mahur inayoanzia Do lazima upandishe noti za La, Si na Mi. Kila noti imekaa kwenye vidaraja viwili au zaidi, kwa hiyo ni nyuzi 24 kwa uchache, na watu wamekaa wanakutazama. Nyimbo za dastgah moja ziwekeni pamoja, mbadilishe wakati wa mapumziko, au mbebe santur ya pili.

Hiyo La ya Shur huitwa koron: iko chini ya La na juu ya La bemoli, yaani La iliyoshushwa nusu toni. Usiitafute kwa mashine ya kupatanishia ukidhani iko katikati kamili ya hizo mbili, kwani kila nyumba ina usikivu wake. Sikiliza santur, kisha wapigaji wa tar na setar, ala za nyuzi zenye shingo ndefu, wasogeze zile nyuzi zilizofungwa shingoni mpaka zilingane nayo. Kamancheh, ala ya kupigwa kwa upinde, na udi hazina alama shingoni, hapo sikio tu.

Daf, ngoma bapa ya fremu, ina hila zake. Ngozi ya mbuzi hulegea penye unyevu na sauti huzama. Ipashe moto kwa mbali, ukiikaribisha mno hupasuka. Wenye safari nyingi hutumia ya plastiki. Mpigaji asimame nyuma, la sivyo pete za ndani ya fremu zitafunika setar, inayopigwa kwa ukucha wa kidole cha shahada tu.

Wageni wengi huanguka kwenye avaz, pale mwimbaji anapoimba bila mdundo wa kuhesabu. Usiimbe naye sambamba kwa ala yako. Mwache amalize sentensi, umjibu kwa ufupi, unyamaze. Wenye nyumba wanajua pumzi ya mwenzao tangu utotoni. Wewe tazama kifua chake.

Nyimbo za Kikurdi zenye mapigo saba zihesabu kwa mafungu, mbili-mbili-tatu au tatu-mbili-mbili, ukiuliza mapema ni lipi. Ukihesabu moja hadi saba, mguu utakuongezea la nane bila ruhusa.