Kurudia istilahi za fasihi na wanafunzi wa S4 (kidato cha nne, Uganda)

Mwalimu mwenzangu wa Gulu, umeuliza ufanyeje na wanafunzi wanaokariri maana ya tashbihi na sitiari, kisha wanakwama wakipewa kifungu cha ufahamu. Naona shida iko kwenye kukariri kwenyewe. Futa orodha ya istilahi ubaoni. Chukua aya fupi, isomeni kwa sauti, kisha uliza: nani anasema, na tumejuaje? Hapo msimulizi na mhusika watatengana bila maelezo marefu.

Tamathali za usemi, yaani mbinu za kupamba lugha, zifundishe pamoja, kwa kitu wanachokijua. "Nile inanguruma kama simba" ni tashbihi, maana inalinganisha kwa neno "kama". "Nile ni simba" ni sitiari, maana inalinganisha moja kwa moja bila "kama". "Nile imekasirika leo" ni tashihisi, maana mto umepewa hisia za mtu. Kisha kila mmoja atunge zake kuhusu bodaboda au soko, na jirani yake ataje aina na sababu. Jibu lisilo na sababu usilipokee, hata likiwa sahihi!

Kwa dhamira, waulize mwandishi anataka tufikiri nini, na waoneshe mstari unaothibitisha. Wenye Kiswahili kichanga waruhusu wajadili kwanza kwa Kiacholi, halafu waandike kwa Kiswahili.