Mbwa wangu hasikii: ninunue kola ya umeme ipi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina dume la miaka miwili, anaitwa Shoka. Ndani ya ua ni mtiifu, ukimwambia kaa anakaa, lala analala. Nikimfungua nje, akiona baiskeli au mbuzi, basi tena. Naita mpaka sauti inakauka, na yeye hata kugeuka hageuki. Juzi amerarua suruali ya mwendesha baiskeli, nikalipa. Rafiki yangu anasema dawa yake ni kola ya umeme yenye rimoti, ule mkanda wa shingoni unaompiga mbwa shoti ukibonyeza kitufe. Nimeziona za kila namna: nyingine zina viwango 16 vya shoti, nyingine 100, nyingine rimoti inafika mita 300, nyingine zaidi ya kilomita. Nichague ipi? – Mwenye Shoka

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa gharama ya suruali. Viwango na mita nitakujibu, lakini kwanza nifanyie jaribio dogo. Mwite Shoka uani akiwa anatafuna mfupa. Si akiwa amekaa bure anakutazama, la, mfupa uwe mdomoni. Akiuacha akaja, basi neno "njoo" analijua. Asipokuja, usimwite mbishi. Neno lako halijafikia uzito wa mfupa mkavu, litashindana vipi na mbuzi anayekimbia?

Nimefundisha mbwa wa ulinzi zaidi ya miaka ishirini. Wengi walioletwa kwangu kwa jina la "mkaidi" walifundishwa uani tu, kama Shoka, wakatarajiwa kujua kila mahali. Wengine walikuwa na usaha masikioni na hakuna aliyewahi kuwachungulia. Na wengine, hawa ndio walionisikitisha, waliitwa halafu wakachapwa. Mbwa anazurura nusu saa, anaitwa, hatimaye anakuja, anakula fimbo kwa kuchelewa. Mwenye mbwa anaona ameadhibu uchelewaji. Mbwa ameona kwamba alipokuja ndipo alipopigwa. Jiulize kama hili limewahi kutokea kwako, hata mara moja ukiwa na hasira.

Kola nimezitumia, sitajifanya mtakatifu. Ya kwanza niliijaribu kwanza mwenyewe, upande wa ndani wa mkono. Viwango vya chini nilihisi kama sisimizi anatembea. Nikaendelea kupandisha. Kabla sijafika hata nusu, mkono uliruka wenyewe na rimoti ikaniponyoka. Nikajiambia, haya, sasa nimeelewa chombo hiki.

Kumbe bado. Nilikuwa na jike langu, Chausiku, mfukuza kuku wa kupindukia. Siku hiyo anawakimbiza, nikabonyeza, na sekunde ileile mtu akakatiza mbele yake na toroli lenye gurudumu linalolia. Chausiku akapiga yowe, akajikunja, akatazama toroli. Kuku hakuwatazama kabisa. Toka siku ile kuku aliendelea kuwafukuza kama kawaida, lakini akisikia gurudumu linalia anaingia chini ya kitanda na kujikojolea. Ilinichukua karibu miezi mitatu ya kumlishia nyama karibu na toroli lile, leo hatua kumi, wiki ijayo hatua nane, mpaka akakubali kula akiwa amelisogelea.

Shoti haimwambii mbwa "acha kuku". Inauma tu, na yeye ndiye anayetafuta mwenye kosa miongoni mwa anaowaona wakati ule. Kwa Shoka wako mwenye kosa atakuwa mtu wa baiskeli. Ameshararua suruali, akiaminishwa kwamba baiskeli zinauma, safari ijayo huenda akapita nguo akafika nyama. Kwa mbwa aliyekwisha kutumia meno, au mwoga, au aliye chini ya miezi sita, kola ya shoti mimi siivishi.

Kwa hiyo anza na kamba ya mita kumi. Ifunge kwenye mkanda wa kifuani, usiifunge shingoni, maana akifika mwisho wa kamba kwa mbio anaweza kujiumiza koo. Usiizungushe kwenye kiganja. Nina alama mbili za kuungua hapa zinazonikumbusha. Simama mbali na mbuzi kiasi kwamba Shoka anawaona lakini bado anakusikia. Iwe mita hamsini, iwe mia, mbwa ndiye atakayekuonyesha. Sema "njoo" mara moja. Akigeuza hata kichwa tu, msifu, rudi nyuma upesi akufuate, mpe nyama halisi, si kile chakula chake cha kila siku. Asipogeuka, mko karibu mno. Ongeza umbali, usiongeze sauti. Akiitika mara tisa katika kumi, sogea hatua chache. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni. Wiki kadhaa za kazi hii zinachosha, najua, ndiyo maana rimoti ina wateja.

Usidhani ni huruma ya uzee inayosema. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha matokeo ya mbwa 63 wasioitika wakiwa huru, tatizo lako hasa. Waligawanywa makundi matatu: moja lilifundishwa kwa kola ya umeme na walimu waliozoea kola hizo, la pili na walimu walewale bila kola, la tatu na walimu wanaofundisha kwa zawadi. Kundi la zawadi ndilo lililoitika vizuri zaidi na kwa upesi zaidi. Wales ilikwishapiga marufuku kola hizi tangu 2010, na Ujerumani mahakama ya juu ya masuala ya utawala ilizifungia njia mwaka 2006. Popote ulipo, ulizia sheria inasemaje kabla ya kutoa pesa.

Sasa ununuzi, kama bado una nia baada ya kamba. Chukua yenye mlio na mtetemo kwenye vitufe vyake, mbali na kitufe cha shoti, kiasi kwamba ukipapasa rimoti mfukoni hukosei. Kwa Shoka ningekwambia chukua isiyo na shoti kabisa: mtetemo unaofuatwa na nyama unatosha kumkumbusha neno analolijua. Ukiona lazima iwe ya shoti, viwango vingi ni bora kuliko vichache, kwa sababu ngazi moja ya kola ya viwango 8 inaweza kuwa mruko mkubwa, wakati kwenye 100 unapanda taratibu. Kiwango sahihi ni kile ambacho sikio linacheza au anaacha kunusa kidogo. Akilia, umeshapita. Na iwe inayojizima yenyewe kitufe kikigandamizwa sekunde nyingi.

Mita za kwenye boksi hupimwa uwanjani kweupe. Miti, kuta na vilima huzila. Wewe humwachi mbwa aende usipomwona, kwa hiyo mita 300 za kweli zinakutosha na kilomita ni ya wawindaji. Kuhusu maji, tafuta alama ya IPX7: inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Uzito pia uangalie, maana kola nzito huning'inia chini na ncha zake za kupitisha shoti hazigusi ngozi sawasawa, halafu mwenye mbwa anadhani mbwa hasikii, anapandisha kiwango, na siku ncha zikigusa… umeelewa.

Hizo ncha mbili za chuma ndizo zinazoleta vidonda. Watu huniletea mbwa wakisema umeme umemchoma, kumbe aghlabu ni mgandamizo: chuma kimekaa sehemu moja siku nzima, usiku mzima, ngozi ikafa. Niliwahi kufungua kola shingoni mwa mbwa wa mtu, zikatoka na nywele na harufu, mashimo mawili yamekaa kama tobo za kifungo. Kola ivaliwe wakati wa somo, ihamishwe upande, ivuliwe. Mbwa asilale nayo, na usifunge kamba juu yake.

SWALI: Mbwa wangu anabweka usiku kucha. Zile kola zinazojiwasha zenyewe akibweka zinafaa?

JIBU: Hapana, dada. Zile za bei ndogo husikiliza kwa kipaza sauti, na mbwa wa jirani akibweka wako ndiye anayepigwa. Zinazohisi mtikisiko wa koo ni afadhali kidogo, lakini bado hazikuambii anabwekea nini. Lala macho usiku mmoja uone. Paka ukutani? Mnyororo mfupi? Mbwa aliyelala mchana kutwa hana usingizi wa kukupa.

SWALI: Mbwa wetu ni kiziwi tangu kuzaliwa. Kuna kola ya kumwitia?

JIBU: Ipo, na hapa naipendekeza bila kigugumizi: ya mtetemo tu, isiyo na umeme hata kidogo. Kwanza ishike mkononi, itetemeshe akiwa karibu, mpe nyama. Akizoea, mvike chumbani. Tetemesha, nyama. Tetemesha, nyama. Usimwite bado. Siku atakapogeuka kukutazama kila inapotetemeka, ongeza ishara ya mkono ya kumwita. Wachache huuogopa mtetemo, mkia unaingia katikati ya miguu. Huyo mzoeshe tochi badala yake, uimulike chini mbele yake mara mbili, afuate.