Analisisi na aljebra dhahania semista moja?
Dogo, kuchukua analisisi (misingi ya kalkulasi kwa uthibitisho) na aljebra dhahania (aljebra ya miundo, si ya kutafuta x) pamoja mwaka wa pili wa digrii ya hisabati inawezekana ila mimi nisingekushauri, zote ni kuthibitisha mwanzo mwisho, hakuna ile ya kuingiza namba kwenye fomula kama kalkulasi. Anza na analisisi, ukishazoea epsiloni na delta, zile herufi za kuthibitishia limiti, hata topolojia (hisabati ya maumbo na ukaribu) huko mbele haitakutisha sana. Semista hiyo changanya na takwimu au Python, ile lugha ya kuprogramu, ajira nyingi ziko huko bwana. Halafu cheki kozi zenye masharti ya kusoma nyingine kwanza, mfano milinganyo tofautishi (milinganyo yenye viwango vya mabadiliko) bila aljebra ya mstari (ya vekta na matriki) utakwama kwenye mifumo ya milinganyo pale zinapoingia thamani aigeni, yaani namba maalum za matriki, na uliza idarani kozi gani inafundishwa semista moja tu kwa mwaka, maana ukiikosa hiyo unasubiri mwaka mzima.