Ol-in-wani ya mtumba kwa magemu: anza na RAM ya pili

Mdogo wangu alipomaliza kidato cha nne aliomba kitu kimoja tu, kompyuta ya kuchezea magemu. Pesa niliyokuwa nayo ilitosha Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, zile ambazo mashine nzima imejificha nyuma ya kioo, Kariakoo wanaziita ol-in-wani. Kioo inchi 23, safi, mezani inapendeza. Muuzaji akatuhakikishia: "Hii baadaye mnaongeza kadi ya grafiksi tu, GTA V inateleza." Tukalipa.

Wiki mbili baadaye fundi wa mtaani kwetu aliifungua, akatuita tuangalie wenyewe. Hakuna pa kuchomeka kadi ya kawaida. Tundu lake halipo, nafasi haipo, na pawa saplai haina waya wa ziada wa kuilisha. Dogo alinyamaza siku nzima. Naandika haya kwa sababu kila mwezi kuna mtu ananiuliza swali lile lile, kama ol-in-wani inaweza kuongezewa kadi ya grafiksi ichezee magemu, na wengi huuliza pesa ikiwa imeshatoka.

Ol-in-wani ichukulie kama laptop iliyosimamishwa mezani. RAM zake (vipande vya kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ni zile fupi za laptop, feni yake ni ya laptop, na grafiksi, sehemu inayochora picha, mara nyingi imo ndani ya prosesa, ubongo wa kompyuta. Yetu ilikuwa na Core i5-4570S, kizazi cha nne, toleo la 2013, na grafiksi yake ni Intel HD 4600. Hiyo huibadilishi. Unachoweza ni kuiondolea vikwazo, na kikwazo kikubwa kuliko vyote hakuna muuzaji atakayekutajia.

Ni hivi. Kadi ya grafiksi inayojitegemea ina kumbukumbu yake yenyewe. Grafiksi iliyo ndani ya prosesa haina, inakopa kwenye RAM ya kompyuta. Kila picha unayoiona kwenye gemu inapita njia ile ile wanayopita Windows na kila kitu kingine. RAM moja ya DDR3 ya kasi ya 1600 inapitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Ukiweka mbili, kila moja kwenye tundu lake, njia inakuwa mbili: gigabaiti 25.6. Yetu ilikuja na GB 8, nikaona inatosha kabisa. Kumbe ilikuwa kipande kimoja cha GB 8, na tundu la pili tupu.

Kuangalia ni rahisi na huhitaji bisibisi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, kisha Memory, tafuta palipoandikwa Slots used. Ukikuta 1 of 2, dawa yako unayo. Nilisoma kibandiko cha ile ya zamani, PC3L-12800S, nikatafuta nyingine ya maandishi hayo hayo na ukubwa ule ule, nikaipata iliyotumika kwa shilingi 35,000. Mashine nikailaza kifudifudi juu ya blanketi, nikatoa mguu, nikabandua mfuniko wa nyuma polepole kwa kadi ya plastiki, kisha bati linalofunika RAM. Kuichomeka kulichukua dakika moja. Inaingia kwa mshazari, unaibonyeza chini mpaka vishikizo viwili vya pembeni vilie "ta".

GTA V, picha ikiwa 1280 kwa 720 na mipangilio yote chini, ilikuwa inatoa fremu, yaani picha moja moja, 20 na kitu kwa sekunde. Baada ya RAM ya pili ikapanda ikavuka 30. Kwa asiyecheza ni tofauti ndogo. Kwa anayecheza, ni tofauti ya gari linalokata kona unapotaka na gari linalokata kona baada ya kugonga ukuta. PES 2017, gemu la mpira, nayo ikaacha kukwama wakati wa kona na frikiki.

Tukiwa tumeshaifungua, tukakutana na tatizo la pili. Kwenye mapezi ya bati la kupoozea palikuwa na vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi, unalishika kwa vidole linatoka zima. Pesti ya kijivu juu ya prosesa, ile ya kupitisha joto kwenda kwenye bati, ilikuwa imekauka kama chokaa, inapukutika. Kabla ya hapo joto lilikuwa linafika nyuzi 97, na prosesa hizi zikikaribia 100 zinajipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Ndiyo maana gemu ilikuwa nzuri dakika kumi za kwanza, kisha inaanza kuburuta. Tulisafisha kwa brashi ya rangi, tukafuta pesti ya zamani kwa spiriti ya duka la dawa, tukapaka mpya kiasi cha punje ya mchele. Joto likashuka mpaka 80 hivi. Vumbi la Dar ni lile lile, kwa hiyo sasa tunarudia kila mwaka.

SSD, diski ya kasi inayochukua nafasi ya hadi disk ya kuzunguka, weka, lakini ujue unanunua nini. Haiongezi fremu. Inachofanya ni gemu kufunguka haraka na Windows kuacha kusota. Kama pesa inatosha kimoja, RAM itangulie.

Kubadili prosesa inawezekana kwenye baadhi ya mashine hizi, hata i7-4770S inakaa pale pale ilipokaa i5 yetu. Mimi sikufanya, na sishauri. Grafiksi ya i7 hiyo ni HD 4600 ile ile, na grafiksi ndiyo iliyokuwa inatukwamisha. Kuna pia zile video za kuunganisha kadi ya nje kupitia tundu la WiFi la ndani. Mashine inabaki wazi, waya zinaning'inia, pawa saplai nyingine iko pembeni. Kwenye nyumba yenye watoto, hapana.

Kama bado hujanunua, uliza modeli kamili na uitafute kabla ya kutoa hela. Mwonekano unadanganya. iMac, ol-in-wani ya Apple, ya inchi 27 ya 2015 ina kidirisha nyuma, unaongeza RAM mwenyewe. Ndugu yake ya inchi 21.5 ya mwaka huo huo RAM imechomelewa kwenye bodi, ulichonunua ndicho utakachokufa nacho. Kumbuka pia kwamba Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za kizazi cha nne, na Windows 10 iliacha kupewa ulinzi wa kawaida Oktoba 14, 2025.

Na kama unachotaka ni gemu nzito za sasa, usiitie ol-in-wani shilingi nyingine. Weka akiba ununue kompyuta ya kasha, hata ya mtumba, yenye tundu refu la kadi. Nyingi za ofisini zinaweza kubeba GTX 1650 ya wati 75 isiyohitaji waya wa ziada, ila pima urefu na kimo cha kasha kwanza. Ol-in-wani yako inaweza kubaki kama kioo tu, iwapo ina HDMI ya kuingiza picha. Nyingi zina ya kutoa tu, na kwa macho matundu yanafanana. Nenda dukani na laptop na waya wako, chomeka, uone picha inatokea pale, ndipo ulipe.