Kilo zinaporudi baada ya upasuaji: maswali yenu

Maswali ya upasuaji wa kupunguza uzito yananijia kwa wingi, na karibu yote yanaanza kwa kuomba radhi. "Samahani daktari, najua nimejitakia." "Naona aibu kuuliza." Basi kabla sijajibu hata moja, aibu hiyo tuiweke kando. Unene uliopindukia ni ugonjwa sugu, na Shirika la Afya Duniani linautambua hivyo. Hakuna anayemlaumu mwenye presha kwa kurudi kliniki kila baada ya miezi mitatu. Mwenye unene naye anahitaji kufuatiliwa maisha yake yote, awe amepasuliwa, anatumia dawa, au vyote viwili.

Nina kilo 110, urefu wangu ni mita 1.65, na nina kisukari cha aina ya pili. Je, nafaa kufanyiwa upasuaji, au mpaka ninenepe zaidi?

Usisubiri kunenepa zaidi, mama. Zidisha urefu wako kwa urefu huohuo: 1.65 mara 1.65 ni 2.72. Kisha gawanya 110 kwa 2.72, utapata 40 na kidogo. Hiyo ndiyo BMI yako, yaani kipimo cha uzito kulingana na urefu. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 1991 ulitaka mtu afikishe 40, au 35 kama tayari ana maradhi yanayotokana na unene, na ulifuatwa kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu viliulegeza: sasa ni 35 kwa mtu yeyote, na kuanzia 30 mwenye kisukari anaweza kufikiriwa. Kwa watu wenye asili ya Asia viwango viko chini zaidi.

Kwako wewe kisukari ndicho sababu kubwa ya kutochelewa. Kisukari cha miaka michache hutulia vizuri zaidi baada ya upasuaji kuliko kile cha miaka mingi kilichokwisha kufika kwenye sindano za insulini. Nasema hutulia, sisemi hupona, kwa sababu kinaweza kurudi, na kipimo cha sukari hutakiacha.

Kuhusu hatari, katika vituo vyenye uzoefu vifo ndani ya siku 30 ni takriban 1 hadi 3 kwa kila wagonjwa 1,000. Yapo pia mambo ya kuvuja pale paliposhonwa, kutoka damu, na damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Muulize daktari amekwisha kufanya upasuaji huu kwa wangapi. Halafu muulize swali ambalo wengi hulisahau: mwaka wa tano nitakuwa namwona nani? Asipokuwa na jibu, tafuta kituo kingine.

Kuna wa kukata mfuko wa chakula na kuna baipasi. Upi ni bora?

Katika ule wa kwanza, takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula huondolewa, na kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa, ndiyo maana miezi ya mwanzo wengi husahau hata kula. Kilichokatwa hakirudishwi. Katika baipasi, sehemu ya juu ya mfuko hutengwa ikawa kijifuko cha mililita 30 hivi, sawa na vijiko viwili vikubwa, kisha kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, na chakula kikaruka sehemu kubwa ya njia yake ya kawaida.

Baipasi kwa wastani hupunguza kilo zaidi kidogo na hudhibiti kisukari vizuri zaidi. Upande wa pili, upungufu wa vitamini ni mkubwa zaidi, na vidonda hutokea pale palipounganishwa, hasa kwa wavutaji sigara na wanaomeza dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Kama una kiungulia kikali, huo wa kwanza unaweza kukizidisha, na mimi ningekushauri baipasi. Zaidi ya hapo, achana na cha jirani. Vipimo vyako ndivyo vitakavyoamua.

Nilifanyiwa baipasi miaka minne iliyopita. Nilitoka kilo 128 nikafika 84. Sasa niko 95 na zinaendelea kupanda. Nimeacha kwenda kliniki kwa sababu sijui nitawaambia nini. Je, nimeharibu upasuaji wangu?

Dada yangu, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Hebu tupige hesabu pamoja. Ulipunguza kilo 44, zimerudi 11. Bado uko chini kwa kilo 33, yaani zaidi ya robo ya uzito ulioanza nao. Uswidi wamewafuatilia watu waliofanyiwa upasuaji huu tangu mwaka 1987, mojawapo ya tafiti ndefu kuliko zote tulizonazo. Waliofanyiwa baipasi walipungua kwa wastani wa asilimia 32 katika mwaka wa kwanza na wa pili. Walipofika mwaka wa kumi walikuwa kwenye asilimia 25. Wewe leo uko kwenye 26. Na utafiti huohuo ulionyesha kuwa waliopasuliwa walikufa kwa kiwango kidogo kuliko wenzao wanene ambao hawakupasuliwa, ingawa kilo kadhaa zilikuwa zimewarudia.

Kwa nini zinarudi? Mwili uliopungua hupunguza matumizi yake ya nguvu kuliko unavyotarajia, kana kwamba unajihami na njaa. Homoni za njaa na shibe, ambazo upasuaji ulizibadilisha kwa manufaa yako, hulegea polepole. Kijifuko nacho hutanuka kiasi. Hayo yote hayakuja kwa uzembe wako.

Yapo ambayo yako mikononi mwako, na hapa naomba ujiangalie kwa makini. Baada ya baipasi, kipande cha kuku kisichotafunwa vizuri hukwama. Kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni, unakimbilia bafuni. Likikupata hilo mara mbili tatu, unaanza kukwepa nyama. Biskuti haikwami. Aiskrimu haikwami, wala soda iliyoachwa ikapoteza gesi. Bila hata kuamua, mtu anahamia kwenye vyakula vinavyoteleza, vyenye nguvu nyingi na visivyoshibisha, na anadokoa kutwa nzima: kijiko hapa, nusu kipande pale. Ukimuuliza anasema hali kitu, na ni kweli kabisa, mezani hali kitu.

Kwa hiyo wiki hii andika kila kinachoingia mdomoni, pamoja na vinywaji na saa ulizokula. Usibadilishe chochote, andika tu. Kisha rudi kliniki na daftari hilo. Watakuangalia dawa unazotumia, kwa kuwa insulini, steroidi na baadhi ya dawa za sonona huongeza uzito. Wanaweza kupitisha kamera kuona kama kijifuko na maungio yake viko sawa. Na kama ni homoni zilizolegea, siku hizi zipo sindano zinazosaidia hata kwa aliyekwisha kupasuliwa. Kilo 11 zinatibika kwa urahisi kuliko 30, kwa hiyo usingoje zifike huko. Ukikosa la kuwaambia, waambie hivihivi ulivyoniandikia mimi.

Ninajisikia mzima kabisa, mwaka wa pili sasa. Kuna haja gani ya kuendelea kumeza vitamini kila siku?

Haja ipo, na ni ya maisha yote. Vitamini B12 huhifadhiwa kwenye ini, na akiba hiyo inaweza kukuchukua miaka. Ndiyo maana unajisikia mzima. Siku itakapokwisha, utaanza na ganzi kwenye vidole, uchovu, kusahausahau, na mishipa ya fahamu ikichelewa kutibiwa haitengemai yote. Madini ya chuma yakipungua utaishiwa damu, hasa kama bado unapata hedhi. Kalsiamu na vitamini D vikikosekana, mwili unachota kwenye mifupa kimyakimya.

Kalsiamu unayohitaji kwa siku ni kati ya miligramu 1,200 na 1,500, chakula na vidonge kwa pamoja. Igawanye, kwa sababu mwili haufyonzi yote kwa mkupuo, na usiimeze pamoja na vidonge vya chuma. Viachanishe kwa angalau saa mbili, la sivyo vitazuiana. Damu ipimwe kila mwaka hata kama huumwi popote.

Jambo moja ni la dharura. Aliyepasuliwa akitapika mfululizo kwa siku kadhaa, aende hospitali na aseme kabisa kwamba alifanyiwa upasuaji huu. Vitamini B1 huisha ndani ya wiki chache tu, na upungufu wake unaweza kudhuru ubongo moja kwa moja. Anapaswa kupewa B1 kwanza, kabla au pamoja na dripu ya sukari, wala si baada yake. Mwambie na ndugu unayeishi naye, maana siku hiyo huenda wewe huna nguvu ya kujieleza.

Mwezi wa nne baada ya upasuaji nywele zinanyonyoka mkono mzima. Zitaisha?

Hazitaisha. Mwili ukipata mshtuko wa upasuaji na kupungua kwa kasi, nywele nyingi huingia kwenye mapumziko kwa pamoja, kisha huanguka kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Nyingi huota tena. Hakikisha unapata protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, na kila mlo anza na hiyo: yai, samaki, kuku, maharage. Zikiendelea kuanguka baada ya mwaka, pima chuma na zinki.

Tumehangaika kutafuta mtoto miaka sita. Daktari ananiambia baada ya upasuaji nisubiri tena. Kwa nini?

Naelewa maumivu ya kuambiwa subiri baada ya miaka sita. Ila ushauri huo ni sahihi: miezi 12 hadi 18. Katika kipindi hicho unapungua kwa kasi, wewe mwenyewe lishe yako haitoshi, na mtoto tumboni atahitaji chuma, foliki asidi na protini ambazo huna za kumgawia. Habari njema ni kwamba uzito unaposhuka, yai mara nyingi huanza kupevuka tena, wakati mwingine mapema sana. Wapo waliokaa miaka wakijua hawashiki mimba, wakashika mwezi wa tatu. Kwa hiyo tumieni kinga. Vidonge vya kumeza huenda visifyonzwe sawasawa baada ya baipasi. Kitanzi au kipandikizi ni salama zaidi. Ukishika mimba, wajulishe wahudumu wa kliniki ya wajawazito kuhusu upasuaji wako, kwa sababu kile kipimo cha kisukari cha kunywa glukosi kinaweza kukuangusha kwa kizunguzungu na jasho. Zipo njia nyingine za kupima.

Glasi moja ya mvinyo sasa inanilewesha kama tatu. Ni kawaida?

Ni kawaida, na ni onyo. Baada ya baipasi pombe huingia kwenye damu haraka na kwa kiwango cha juu zaidi. Usiendeshe gari hata baada ya glasi hiyo moja. Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba tatizo la ulevi huongezeka kuanzia mwaka wa pili, hata kwa watu ambao hawakuwa nalo. Aliyekuwa akijiliwaza kwa chakula na sasa hawezi, hutafuta pa kujiliwazia. Ukijiona unaingoja jioni ifike ili unywe, ongea na mtaalamu wa afya ya akili sasa hivi.

Naogopa kisu. Hizi sindano za kupunguza uzito haziwezi kutosha?

Kwa baadhi ya watu zinatosha. Semaglutidi ilipunguza uzito kwa wastani wa asilimia 15 katika wiki 68, na tirzepatidi kwa dozi ya juu ilifikia karibu 21 katika wiki 72. Hayo si matokeo madogo. Lakini waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutidi walirudisha takriban theluthi mbili ya kilo walizopoteza. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama utaweza kuipata na kuilipia miaka yote. Mwenye BMI ya 33 ningemwambia aanze na dawa. Mwenye 48 na magoti yaliyochakaa, ningemshauri asikimbie upasuaji kwa sababu ya hofu ya nusu kaputi peke yake. Hofu hiyo ipeleke kwa daktari wa usingizi, ndiyo kazi yake.

Mke wangu amepasuliwa mwezi uliopita. Mama yangu anasema amechagua njia ya mkato. Nimsaidieje?

Anza kwa kuongea na mama, kwa heshima na faragha, kabla maneno hayo hayajamfikia mkeo. Mwambie hivi: kula vijiko vitano kwa dakika ishirini, kutokunywa maji na chakula mpaka nusu saa ipite, kumeza vidonge kila siku na kwenda kliniki mpaka uzeeni, hiyo ni njia ndefu sana.

Nyumbani, usimhimize "ongeza kidogo". Akiweka kijiko chini, ameshiba. Vitu vya kudokoa visikae mezani. Tembeeni pamoja jioni, na daktari akiruhusu aanze mazoezi ya kubeba uzito ili asipoteze misuli. Kwa kulinda kilo zisirudi, lengo la baadaye ni kama dakika 250 au 300 za mazoezi kwa wiki. Apime uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, na mizani ikipanda usiwe wewe wa kwanza kuisoma kwa sauti. Na tarehe za kliniki ziandike kwenye simu yako pia, umsindikize.